Panya, Chura na Mizani ya Manufaa

Mwanadamu hutembea duniani akiwa na mizani moyoni mwake. Akutanapo na kiumbe asiyemjua, swali lake la kwanza aghalabu si "Huyu ni nani?" bali ni "Huyu anafaa nini?" Ng'ombe hupata jibu upesi: ana maziwa, ana nyama, ana ngozi. Nyuki hupata jibu: ana asali. Punda naye hupata jibu, ijapokuwa methali imemtukana kwa kusema kwamba fadhila zake ni mateke. Lakini wako viumbe wengi kupita hesabu ambao wakiulizwa swali hilo hunyamaza. Hawana maziwa wala asali. Hawabebi mzigo wala hawalindi mlango. Je, thamani ya kiumbe hutoka katika manufaa ampayo mwanadamu, au kiumbe anayo thamani yake mwenyewe, ambayo mwanadamu ameikuta tu naye hana budi kuiheshimu? Hili ndilo suala la insha hii.

Suala hili laweza kuulizwa popote, lakini ni mahali pachache panapoliuliza kwa sauti kubwa kama Morogoro. Mji huu umekaa chini ya milima ya Uluguru. Kilele cha Lupanga, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,100, kinautazama mji kwa karibu. Na kusini zaidi kilele cha Kimhandu kimepita mita 2,600. Milima hii ni sehemu ya safu ya kale ianziayo Taita katika Kenya, ikapita Upare na Usambara, hata ikafika Udzungwa. Misitu yake imenyweshwa na mawingu ya Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka. Na kwa kuwa kila mlima umetengwa na mwenziwe kwa nchi kavu iliyo chini, viumbe wake wamekuwa kama watu wa visiwani, kila kisiwa na wenyeji wake. Basi katika mkoa huu mmoja yuko panya aliyefundishwa hata akavikwa medali, yuko panya atiliwaye sumu, na yuko chura aliyeondolewa maji yake ili taa ziwake. Tuwatazame mmoja mmoja.

Tuanze na yule aliyefaulu katika mizani ya wanadamu. Panya buku ni panya mkubwa. Uzito wake hupita kilo moja, na urefu wake pamoja na mkia hukaribia mita moja. Ana mifuko mashavuni ya kuchukulia chakula, macho yasiyoona vizuri, na pua kali kupita kiasi. Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu huwindwa akaliwa. Mahali pengi huchukiwa kwa kuwa ni panya, na jina hilo peke yake ni hukumu. Mwaka 1997 Mbelgiji Bart Weetjens na wenzake walianzisha shirika la APOPO kwa wazo la ajabu, kwamba pua hiyo yaweza kuinusa baruti iliyofukiwa ardhini. Mwaka 2000 kazi hiyo ililetwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hapo panya hufundishwa tangu udogo wake. Husikia mlio mdogo, kisha hupewa ndizi au karanga. Baadaye hujifunza kwamba mlio na tuzo huja tu pale anapoitambua harufu itakiwayo. Baada ya miezi kama tisa huwa fundi. Mwili wake ni mwepesi hata hauwezi kulilipua bomu alikanyagalo. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye chombo cha kutambua chuma huweza kuchukua hata siku nne kuimaliza.

Panya hawa wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini. Wamefanya kazi Angola, na wamefanya kazi Kambodia. Wengine hawakupelekwa mbali. Hunusa makohozi ya watu wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu, na huwatambua wagonjwa ambao darubini ya hospitali haikuwaona. Mashuhuri kati yao ni Magawa. Alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na katika miaka mitano ya kazi alifichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Septemba 2020 chama cha Uingereza cha kuwatibu wanyama, PDSA, kilimpa medali yake ya dhahabu, na hapakuwa na panya aliyepata kuvikwa medali hiyo kabla yake. Hapana awezaye kuihesabu miguu iliyosalimika kwa sababu ya pua yake, maana bomu lisilolipuka halina shahidi.

Sasa yafaa tuulize: medali ile ilitolewa kwa nani? Ilitolewa kwa panya, au kwa manufaa ya wanadamu yaliyopitia kwa panya? Pua ya panya buku haikuumbwa mwaka 1997. Ilikuwapo wakati babu zetu walipomfukiza moshi shimoni. Ilikuwapo wakati alipopigwa rungu akatupwa jalalani. Kilichobadilika si panya, ila ni maarifa yetu juu yake. Basi mizani ya manufaa haimpimi kiumbe. Hupima kiasi cha elimu ya mpimaji. Mtu asemaye "Huyu hafai kitu" hajatupa habari za kiumbe yule. Ametuonyesha mahali elimu yake ilipokomea.

Wengi huridhika na hoja hii na kuishia hapo. Husema: tuwahifadhi viumbe wote, maana hatujui ni yupi atakayetufaa kesho. Hoja hii ni nzuri, lakini haijatoka sokoni. Ni hoja ya mfanyabiashara awekaye bidhaa ghalani akingoja bei ipande. Siku atakapokuwa na hakika kwamba bei haitapanda, ataitupa bidhaa ile na kuitumia nafasi yake kwa nyingine. Nasi twatafuta hoja itakayosimama hata siku hiyo.

Kabla ya kuitafuta, haki yatutaka tumtazame panya wa pili, asije mtu akadhani kwamba insha hii yawaomba wakulima wawakaribishe wezi. Panya shamba ni mdogo, lakini uzazi wake ni wa kutisha. Jike aweza kuwa na chuchu 24, na katika miaka ya uzazi mwingi panya hao hufunika mashamba. Hufukua mbegu za mahindi mara tu zinapopandwa, mkulima akalazimika kupanda tena. Chuo kile kile cha Sokoine, ambako panya buku hufundishwa, kimechunguza kwa miaka mingi njia za kumpunguza panya shamba. Hapana unafiki katika jambo hili. Mkulima ana haki ya kuilinda mbegu yake. Ni ugomvi wa kweli baina ya maisha na maisha, na mwenye watoto wa kulisha haulizwi kwa nini ametega mtego. Lakini kujilinda ni jambo moja na kudharau ni jambo jingine. Ajilindaye huua kwa kiasi cha haja yake. Adharauye huua pasipo haja, na hata hakumbuki kwamba ameua. Panya shamba ni adui, na adui angalau ametambuliwa kuwa yuko. Hatari kubwa zaidi huwapata viumbe ambao si rafiki wala adui.

Hao wako juu milimani. Katika udongo wa Uluguru yuko mnyama wa jamaa ya vyura asiyekuwa na miguu, ambaye mtu humdhania kuwa nyungunyungu. Ndugu yake aishiye katika milima ya Taita alichunguzwa na wataalamu, na mwaka 2006 habari zake ziliwashangaza wenye elimu. Mayai ya mama yakisha kuanguliwa, ngozi yake hunenepa kwa mafuta. Na watoto, wakiwa na meno yaliyofanyizwa kwa kazi hiyo, huuchuna utando wa nje wa ngozi ya mama yao na kuula. Mama hutulia. Ngozi hurudi, nao huila tena. Twasema kwamba mama hulea kwa jasho lake. Huyu hulea kwa ngozi yake. Wako pia katika milima hii vyura wasiotaga mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto walio kamili. Tangu mwaka 1905, Mjerumani Gustav Tornier alipoandika habari za chura wa namna hiyo kutoka nchi hii, vitabu vya elimu ya wanyama havikuweza tena kusema kwamba vyura wote hutaga. Na juu mitini yuko ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, mwenye mdomo mnene, aliyejulikana na wataalamu katika miaka ya 1920. Duniani kote hana makao mengine ila Uluguru.

Wanafaa nini hawa? Wako watakaojibu kwa methali: Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Msitu, watasema, ni mama wa maji. Mto Ruvu huanzia Uluguru, nao ndio uinyweshao Dar es Salaam. Aufyekaye msitu amemkosesha ndege makao, na amewakosesha watu maji. Jibu hili ni la kweli, na ni vema lihubiriwe kila mahali. Misitu hiyo ilipofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, maji yalikuwa sababu ambayo hata mtu asiyejali ndege aliweza kuifahamu. Lakini tuwe wakweli hata mwisho. Ndege yule akitoweka na miti ikabaki, yamkini hapana bomba hata moja la Dar es Salaam litakalokauka. Mnyama asiye na miguu akitoweka, yamkini soko la Morogoro halitapungukiwa na fungu moja la mboga. Methali yatuonya juu ya mti, haimtetei jongoo.

Na jongoo mwenyewe alifikishwa mbele ya hukumu mkoani humu humu. Mbali na Uluguru, upande wa kusini-magharibi, mto Kihansi huteremka kwa kishindo katika ukingo wa milima ya Udzungwa, na maporomoko yake yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku. Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umekwisha anza, alionekana katika manyunyu hayo chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika urefu wa sentimita tatu, azaaye watoto kama wale jamaa zake wa Uluguru. Makao yake yote duniani yalikuwa hekta chache za bonde lile. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilipelekwa njia nyingine, na manyunyu yakapungua mno. Mwaka 2000 vyura kama 500 walichukuliwa Marekani wakawekwa katika bustani za wanyama. Bondeni viliwekwa vinyunyizio vya mabomba. Vyura wakaongezeka kwa muda, kisha ugonjwa wa ukungu ukaonekana kati yao, wakatoweka. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hawapo tena katika makao yao ya asili. Mwaka 2010 wazao wa wale waliosafirishwa waliletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarudisha bondeni.

Ni rahisi kuitoa hukumu hii kwa maneno mawili: "Chura tu!" Wala umeme si kitu cha kudharauliwa. Umeme ni taa ya mkunga usiku. Ni ubaridi unaohifadhi chanjo. Ni kitabu kisomwacho baada ya jua kuchwa. Mtu auchekaye umeme kwa ajili ya chura hajaona mama akizaa gizani. Lakini vitu viwili vilivyowekwa mizanini pale havikuwa vya jinsi moja. Umeme hupatikana kwa maji, kwa gesi, kwa jua na kwa upepo. Ukikosekana hapa waweza kupatikana kule, ingawa kwa gharama kubwa zaidi. Chura akitoweka hapatikani kwa gharama yoyote. Upande mmoja palikuwa na faida iwezayo kubadilishwa kwa faida nyingine. Upande wa pili palikuwa na uhai usioweza kurudishwa. Hakimu mwadilifu, awapo na mashaka, huiogopa zaidi hukumu isiyokatiwa rufani. Na hapa kosa halikuwa kuutaka umeme, bali ni kuanza kujenga kabla ya kuuliza ni nani akaaye pale.

Ikiwa haki ya chura haitoki katika faida yake, yatoka wapi? Yatoka katika jambo dogo lililo wazi: kuwako kwake hakutoka kwetu. Thamani tuliyompa sisi twaweza kumnyang'anya, kama mfalme ampavyo mtu cheo na kumvua. Lakini uhai wake si cheo tulichompa. Mcha Mungu atasema kwamba ni amana ya Muumba. Mwenye elimu ya maumbile atasema kwamba ni kazi ya mamilioni ya miaka. Hawa wawili hubishana juu ya mambo mengi, lakini katika hili wamefika mlango mmoja: mtu hana haki ya kukifuta kile ambacho hakukiandika, naye hawezi kukiandika tena.

Labda atatokea mtu aseme kwamba haya ni mambo ya wanyama, nasi tuna shida za watu. Ajue kwamba mizani ya manufaa haina desturi ya kutulia mahali pamoja. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima hii hii, penye mji wa ngome wa Simbamwene ulioasisiwa na Kisabengo. Katika njia za misafara pembe za ndovu na watu walishuka pamoja kuelekea pwani. Ndovu alipimwa kwa pembe zake, na mtu kwa mabega yake. Ndovu akisha kung'olewa pembe aliachwa aoze. Mtumwa aliyeishiwa nguvu aliachwa njiani. Ilikuwa mizani moja, na aliyeishika hakuona tofauti. Sisemi kwamba kila amdharauye chura atamdharau mtu. Nasema kwamba aliyejizoeza kumwuliza kila kiumbe "Unanifaa nini?" hana kitu katika mazoea yake kitakachomzuia kumwuliza swali hilo mzee asiyeweza kulima, au mtoto asiyeweza kutembea.

Kwa sababu hiyo hiyo liko pingamizi moja lisilofaa kupitwa kwa haraka, nalo latoka kwa mkulima wa Uluguru. Shamba lake liko kwenye mteremko mkali, watoto wake wameongezeka, na ardhi haikuongezeka. Yeye huambiwa asiuguse msitu kwa ajili ya ndege ambaye mgeni amevuka bahari kuja kumtazama. Je, si yeye sasa apimwaye kwa manufaa, kana kwamba amewekwa duniani awe mlinzi wa ndege wa watu wengine? Historia inalo jibu lake. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao kwa nia ya kuuhifadhi udongo. Mwaka 1955 watu wakakataa, fujo zikazuka, na mpango ukaachwa. Udongo ulistahili kuhifadhiwa, lakini haki ya udongo haikuweza kusimama juu ya dhuluma ya watu. Vivyo hivyo haki ya ndege haiwezi kulishwa kwa njaa ya jirani yake. Wajibu huu ni wa wote, na uzito wake hauna budi kugawanywa kwa kadiri ya uwezo: anywaye maji ya Ruvu mjini, amulikiwaye na taa za Kihansi, na yule wa ng'ambo afurahiye kusikia kwamba ndege angali yuko, wote wanadaiwa. Kumwachia mkulima deni lote ni kumtendea yeye lile lile tunalokataa kumtendea chura.

Twaweza sasa kuitazama tena ile habari ya panya mwenye medali, maana sehemu yake iliyo bora haikusimuliwa sana. Juni 2021 Magawa aliachishwa kazi kwa uzee. Januari 2022 akafa, akiwa na umri wa miaka minane. Katika miezi ile ya mwisho hakufichua bomu hata moja, wala hakungojewa afichue. Kwa mizani ya manufaa, kila tonge alilopewa lilikuwa hasara. Walezi wake wakamlisha. Medali ilikuwa ya kazi. Chakula cha uzeeni kilikuwa cha panya.

Atakayesema kwamba hiyo nayo ilikuwa shukrani kwa kazi iliyopita amesema kweli. Shukrani ni hatua ya kwanza nje ya soko, kwa kuwa haitazami tena faida itakayokuja. Lakini ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni ngumu zaidi: kumwachia nafasi yake kiumbe ambaye hakutufanyia jambo jana, hatatufanyia kesho, na hajui hata kwamba sisi tuko. Hatua hiyo Magawa hawezi kutufundisha, maana alikuwa na cha kutulipa. Yule mama asiye na miguu, aliye gizani katika udongo wa Uluguru, hana.